Losheni na Mafuta ya Kujitengenezea kwa Ngozi Kavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Vipimo vyote hapa ni vya gramu, hata vya maji na mafuta, kwa sababu kijiko cha mafuta na kijiko cha nta havilingani uzito. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha kwa marhamu; kwa kihifadhi cha losheni tumia inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu.

## Kabla ya kuwasha jiko

1. Mafuta, marhamu na losheni vinatofautianaje?

Mafuta ni mafuta matupu: ya nazi, ya uta, ya mbarika. Marhamu ni mafuta yaliyogandishwa kwa nta. Viwili hivi havina tone la maji. Losheni ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa pamoja, na kwa kawaida zaidi ya theluthi mbili za chupa ni maji.

Shika tofauti hii, maana ndiyo inayoamua karibu kila jibu hapa chini. Ukungu na bakteria huhitaji maji ili kuzaana. Marhamu iliyopikwa vizuri hukaa miezi sita kabatini bila kuharibika. Losheni isiyo na kihifadhi, kwa joto la Lamu, huanza kuota vidudu ndani ya siku mbili tatu, na mara nyingi huvioni wala huvinusi mpaka vimeshakuwa vingi. Anayeanza, aanze na marhamu.

2. Lamu ni kisiwa na hewa ina unyevu. Kwa nini ngozi hupauka?

Unyevu wa hewani hausaidii sana ikiwa ngozi inavuliwa mafuta yake kila siku. Sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa kufulia ni kali kwa mwili. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa hufanya sabuni isitoe povu, ikabaki utando mwembamba juu ya ngozi unaowasha na kukausha. Ongeza maji ya bahari yanayokaukia mwilini, jua, na upepo wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Wavuvi, mafundi wa majahazi na wanaofua nguo kwa mikono ndio wanaoumia zaidi, pamoja na wazee, kwa kuwa ngozi hupunguza kutoa mafuta yake kadiri umri unavyosonga.

Kabla ya kutengeneza chochote, badilisha sabuni, na ukitoka baharini jisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa wengine hilo pekee hupunguza nusu ya tatizo.

3. Napaka mafuta kila siku na bado ngozi ni kavu. Nakosea wapi?

Pengine unapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka. Mafuta hayana maji ya kuipa ngozi. Kazi yake ni kuyafungia ndani yaliyopo. Ukitoka kuoga, jipanguse kwa kubonyeza taulo bila kusugua, ubaki na unyevu kidogo, kisha paka ndani ya dakika tatu. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha miguu yote miwili. Aliyepaka kidogo juu ya ngozi mbichi hushinda aliyejimwagia mafuta saa moja baadaye.

Maji ya moto pia hutoa mafuta ya ngozi. Oga kwa maji ya uvuguvugu au baridi, upesi.

4. Nahitaji vyombo gani?

Mizani, sufuria mbili ambazo moja inaingia ndani ya nyingine, bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, mchapo wa mayai au mashine ndogo ya mkono ya kusagia, mwiko wa silikoni na vyupa vyenye vifuniko. Usitumie mwiko wa mbao kwa losheni, kwa kuwa mbao hunywa maji na kuhifadhi vidudu. Kipimajoto si lazima kwa marhamu lakini kwa losheni kinaokoa makosa mengi.

Nta na mafuta yasiwekwe moja kwa moja juu ya moto. Weka sufuria yenye mafuta ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Mafuta yakipata moto wa moja kwa moja huungua, na yakimwagikia jiko la makaa hushika moto papo hapo. Yakishika moto usimwagie maji: funika kwa kifuniko.

## Mafuta na marhamu

5. Mafuta gani yanafaa ngozi kavu?

Mafuta ya uta, yaani ya simsim, ni mepesi, hunyweka vizuri na hayaachi ngozi ikimeremeta. Nunua yasiyokaangwa, yale ya rangi ya kahawia yenye harufu ya kukaanga ni ya chakula. Mafuta ya nazi hufunga maji vizuri mwilini, lakini usoni huziba vinyweleo vya watu wengi na kuleta chunusi. Mafuta ya alizeti ni rahisi, yapo kila duka, na ni laini kwa ngozi inayowasha. Mafuta ya mbarika ni mazito na hunata, kwa hiyo yasizidi sehemu moja kwa kumi. Siagi ya shea ndiyo bora kwa viwiko, magoti na visigino.

Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa, na heshima yake haikatai mtu. Hata hivyo yana asidi nyingi ya oleiki, ambayo hulegeza kinga ya ngozi iliyo dhaifu. Kwa ngozi kavu sana, na kwa watoto, chagua alizeti.

Petroli jeli nayo isidharauliwe. Haina harufu, ni nadra kumdhuru mtu, na hakuna mafuta ya mmea yanayoishinda kwa kuzuia maji yasitoke.

6. Nipikeje mafuta ya nazi yasiyochacha?

Tumia nazi zilizokomaa, si madafu wala koroma. Nazi 10 hutoa kiasi cha nusu lita, wakati mwingine zaidi. Zikune, kamua tui zito kwa maji ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa safi, kisha liache tui usiku kucha lijitenge. Asubuhi engua ile sehemu nzito ya juu, uyamwage yale maji ya chini, na upike engo hilo kwa moto mdogo. Kwanza litachemka na kutoa povu, kisha mafuta yatajitokeza na machicha laini yatazama. Machicha yakiwa ya rangi ya dhahabu, epua. Yakifika kahawia nzito mafuta yatanuka moshi.

Kinachochachisha mafuta ni maji yaliyobaki. Yapime hivi: weka kijiko kimoja cha mafuta juu ya moto. Yakilia na kurusharusha, yana maji bado. Rudisha jikoni dakika tano. Yakitulia kimya, yameiva. Chuja yakiwa ya moto kiasi, tia kwenye chupa iliyokaushwa juani, na usichote kwa kidole chenye maji.

7. Kipimo cha marhamu ya mwili ni kipi?

Kwa gramu 100:

- nta ya nyuki, gramu 18
- siagi ya shea, gramu 22
- mafuta ya nazi, gramu 30
- mafuta ya uta, gramu 30

Yeyusha nta kwanza pamoja na mafuta ya nazi na ya uta juu ya maji ya moto. Nta huyeyuka karibu nyuzi 63, kwa hiyo inahitaji subira. Ikishakuwa maji kabisa, epua, ongeza siagi ya shea na koroga mpaka iyeyuke kwa joto lililobaki. Mimina kwenye vyupa vikavu na uache wazi mpaka ipoe, kisha funika. Ukifunika ingali moto, mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, na hapo umetia maji kwenye marhamu isiyokuwa na maji.

Nta ya mfuga nyuki mara nyingi ina vipande vya masega na takataka. Iyeyushe kwenye maji yanayochemka, chuja kwa kitambaa, iache ipoe. Takataka zitaganda upande wa chini na utazikwangua kwa kisu. Ikaushe kabla ya kuitumia.

8. Nilifuata maelezo ya mtandaoni na marhamu yangu imekuwa maji. Kwa nini?

Maelezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao mafuta ya nazi ni kitu kigumu kinachokatwa kwa kijiko. Kwetu huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25, na Lamu ni joto zaidi ya hapo karibu siku zote. Kipimo kinachosema gramu 10 za nta kwa 100 kitakupa uji. Ongeza nta hadi 18, na wakati wa kaskazi hata 20. Katika miezi ya baridi ya kusi, Julai na Agosti, gramu 15 zinatosha.

Pima kabla ya kumimina yote: dondoshea tone moja juu ya sahani, subiri dakika mbili, bonyeza kwa kidole. Likiwa laini mno ongeza gramu mbili za nta. Likiwa gumu kama mshumaa ongeza kijiko cha mafuta ya uta.

9. Marhamu imeganda na chembechembe kama mchanga. Imeharibika?

Haijaharibika. Siagi ya shea ikipoa polepole, sehemu zake ngumu huganda peke yake na kuwa punje. Hutokea pia chupa ikiachwa juani ikayeyuka, kisha ikaganda tena yenyewe usiku. Iyeyushe yote upya mpaka isiwe na punje hata moja, kisha ipoze upesi kwa kuweka chombo ndani ya beseni la maji baridi huku ukikoroga. Maji ya beseni yasiruke ndani.

10. Magaga yanayopasuka yanatibiwaje?

Marhamu ya magaga iwe nzito zaidi: nta gramu 25, shea 30, mafuta ya nazi 35, mbarika 10. Loweka miguu kwa maji ya uvuguvugu dakika 10, sugua polepole kwa jiwe la miguu sehemu ngumu tu, kausha katikati ya vidole, paka, vaa soksi za pamba na ulale nazo. Fanya kila usiku kwa wiki mbili. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki.

Usikate magaga kwa wembe. Na mwenye kisukari asijisugue wala kujitibu nyumbani ikiwa nyufa zimeingia ndani au zinatoa damu: aonwe hospitali, kwa sababu kidonda kidogo cha mguu kwake kinaweza kuwa kikubwa bila yeye kuhisi maumivu.

## Losheni yenye maji

11. Losheni nyepesi inatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Kwa gramu 200:

- maji safi, gramu 148
- glisarini, gramu 8
- mafuta ya uta, gramu 16
- mafuta ya nazi, gramu 12
- siagi ya shea, gramu 4
- nta ya kuchanganyia, gramu 10
- kihifadhi cha fenoksietanoli, gramu 2

Nta ya kuchanganyia ni vipande vyeupe vinavyouzwa na wauza malighafi za vipodozi Mombasa na Nairobi. Wao huiita imalsifaing waksi. Nunua kihifadhi huko huko na usome karatasi yake, kwa sababu kila aina ina kiwango chake.

Osha vyombo vyote, vimwagie maji yanayochemka, viache vikauke. Tia maji na glisarini kwenye bakuli moja. Mafuta, shea na nta ya kuchanganyia kwenye jingine. Pasha mabakuli yote mawili mpaka nyuzi 70 hadi 75. Maji yashikilie joto hilo dakika 20, kisha yapime tena na uongeze maji yaliyochemshwa kufidia yaliyopanda na mvuke.

Mimina maji ndani ya mafuta kidogo kidogo huku unachapa. Mchanganyiko utageuka mweupe mara moja, kama tui. Hapo ndipo wengi huacha, na ndipo losheni nyingi huharibikia. Endelea kuchapa dakika mbili tatu kwa mashine, au kumi kwa mkono, kisha koroga polepole kila baada ya muda mpaka ipoe. Chombo kikiwa vuguvugu mkononi, chini ya nyuzi 40, tia kihifadhi na ukoroge dakika nzima. Itaendelea kuwa nzito kwa siku moja, kwa hiyo usiihukumu ikiwa ingali ya moto.

12. Nta ya nyuki haiwezi kushika nafasi ya nta ya kuchanganyia?

Hapana. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Nta ya nyuki hukazia mafuta tu. Haina upande unaoshika maji. Ukichapa sana itaonekana imeshika, na baada ya siku chache utakuta maji chini na mafuta juu.

13. Nitumie maji gani?

Yaliyotoneshwa kwa mvuke ndiyo bora. Yakikosekana, maji ya chupa ya kunywa yaliyochemshwa. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kabisa, kwa sababu chumvi na chokaa huvunja mshikamano wa losheni. Maji ya mvua ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, hayana chumvi, lakini yamekaa muda mrefu na huokota vumbi na vinyesi vya ndege kutoka darini. Yachujwe na kuchemshwa dakika 10, na hata hivyo kihifadhi hakiachwi.

Usinunue maji ya betri. Baadhi ya vyupa vinavyoitwa hivyo vina tindikali.

14. Kihifadhi ni lazima? Vitamini E au mafuta ya karafuu hayatoshi?

Ni lazima, ila kama unatengeneza kiasi cha siku tatu na kukiweka friji. Stima ikipotea mchana kutwa, hesabu hiyo imevunjika.

Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Haiui bakteria wala ukungu. Habat sauda, karafuu, mwarobaini na asali vina sifa zake, lakini kwa kiasi kinachoweza kulinda chupa ya losheni vingeiunguza ngozi kwanza. Sodiamu benzoeti, inayotumika kwenye vinywaji, hufanya kazi penye uchachu tu, kwa hiyo bila karatasi ya kupima asidi huwezi kujua kama inakulinda.

Losheni yenye madoa, iliyobadilika rangi, yenye harufu ya chachu au iliyolegea ghafla imwagwe. Kukwangua ukungu wa juu hakusaidii; mizizi yake imeshashuka chini. Hata yenye kihifadhi, itumie ndani ya miezi mitatu, na chupa ya kubonyeza ni bora kuliko ya kuchovya vidole.

15. Losheni yangu imetengana. Naweza kuiokoa?

Ikitengana siku hiyo hiyo, kwa kawaida upande mmoja ulikuwa umepoa kuliko mwingine. Pasha yote tena hadi nyuzi 70, chapa upya, na utie kihifadhi kipya ikipoa. Ikitengana baada ya wiki, itupe: ama nta ya kuchanganyia ilikuwa chache, ama maji yalikuwa na chumvi (swali la 13), ama vidudu vimeanza kazi.

16. Glisarini na maji ya waridi, vinachanganywaje?

Glisarini sehemu moja, maji ya waridi sehemu nne. Glisarini tupu haifai: huvuta maji kutoka popote inapoyapata, na hewa ikiwa kavu itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Paka ngozi ikiwa mbichi, kisha funga kwa mafuta kidogo juu. Tengeneza kidogo cha siku chache, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 14.

## Harufu na vitu vya jikoni

17. Nataka harufu ya asmini. Nafanyaje?

Chuma asmini jioni zinapofunguka, uzitandaze kivulini saa chache zinyauke, maana ua bichi lina maji. Zizamishe ndani ya mafuta ya uta usiku mmoja, zichuje asubuhi, utie nyingine. Rudia mara tano au sita. Kilua na mrehani hufuata njia hiyo hiyo, ila mrehani una maji mengi, unyaushe siku nzima. Mafuta hayo ndiyo unayotia kwenye marhamu badala ya mafuta ya uta ya kawaida.

Mafuta makali ya dukani, kama ya karafuu au mnanaa, yasizidi matone matatu kwa gramu 100. Marashi ya spirti yabaki kwenye nguo; spirti hukausha ngozi.

18. Ndimu, magadi, shubiri, liwa na asali, je?

Ndimu usiitie. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, hutokea malengelenge na madoa meusi yanayokaa miezi. Magadi yana ukali ulio kinyume na uchachu wa kawaida wa ngozi, kwa hiyo huzidisha ukavu. Liwa hupoza na kunukia vizuri, lakini ikikauka juu ya ngozi huvuta maji. Iondoe ingali mbichi na upake mafuta.

Shubiri inafaa ikiwa imetayarishwa. Simamisha jani lililokatwa nusu saa lichuruzike utomvu wa njano, unaowasha, kisha toa ute mweupe na uupake siku hiyo hiyo. Usiutie ndani ya losheni ya kuhifadhi: huongeza chakula cha vidudu. Asali ni hivyo hivyo, nzuri kupaka dakika 15 na kuosha.

## Watu na hali za pekee

19. Naweza kumpaka mtoto mchanga?

Mafuta ya alizeti au ya nazi, matupu, yasiyo na harufu yoyote. Usimpake vyenye karafuu, mnanaa, mkaratusi au kafuri, wala losheni yenye kihifadhi uliyopima mwenyewe. Asali isimkaribie mdomoni kabla hajatimiza mwaka. Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono wake na usubiri siku moja. Ikitokea wekundu, acha.

20. Marhamu inazuia maji ya udhu?

Mafuta mepesi yaliyonywewa na ngozi hayabakishi tabaka. Marhamu yenye nta nyingi, kama ile ya magaga, huacha utando ambao maji huteleza juu yake. Njia nyepesi ni kupaka baada ya udhu badala ya kabla, na ile nzito kuiweka baada ya sala ya Isha, kisha kuiosha kwa sabuni kabla ya Alfajiri. Kuhusu hukumu yenyewe muulize mwalimu wako.

Anayetawadha mara tano hupata faida pia: kila mara ngozi ni mbichi, na matone mawili ya mafuta ya uta mikononi na miguuni hapo hapo hufanya kazi kuliko kupaka sana mara moja.

21. Nitajuaje kama si ukavu wa kawaida?

Ukavu wa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili za kupaka vizuri. Ukurutu huwasha hasa usiku, hurudi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, na ngozi hugeuka nene. Muwasho wa usiku unaoshika nyumba nzima huenda ni upele, na hautoki kwa mafuta. Duara lenye ukingo ulioinuka ni dalili ya fangasi. Kwa hayo, na kwa ngozi inayotoa usaha au maji, nenda hospitali. Usifunike kwa marhamu.

22. Naomba kipimo cha losheni ya kung'arisha ngozi.

Hatutoi. Hidrokwinoni, zebaki na krimu za steroidi zinazochanganywa kwenye mkorogo huifanya ngozi kuwa nyembamba, kuwa na madoa na kushindwa kuhimili jua, na zebaki hudhuru figo. Ngozi kavu huonekana ya kijivujivu kwa sababu ya magamba yake; ikipata unyevu hurudi kwenye rangi yake na mng'ao wake.

23. Mafuta ya nazi yanakinga jua?

Kidogo mno, hayategemeki. Kofia, leso, mikono mirefu na kivuli cha saa sita mchana ndiyo kinga. Krimu ya jua inunuliwe iliyopimwa. Unga wa zinki ukichanganywa nyumbani hujikusanya mabonge na kuacha sehemu za ngozi wazi.

24. Nataka kuuza. Nianze na nini?

Anza na marhamu, si losheni. Andika kwenye kila chupa viungo vyote, tarehe ya kupika na tarehe ya mwisho, na weka daftari la kila mpiko: gramu, joto, ulinunua nta kwa nani. Mteja akileta malalamiko, daftari ndilo litakalokuonyesha kosa. Kwa Kenya, vipodozi vya kuuza vinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa hiyo waulize masharti kabla ya kuchapisha lebo. Weka chupa moja ya kila mpiko kabatini na nyingine dirishani penye joto, uziangalie kila wiki kwa miezi mitatu kabla ya kumuuzia mtu.